Hodi ya Kwanza

Penrith, Sydney
9 Julai 2021

Kwako Shangazi yangu Bi Jokha,

Shikamoo Shangazi. Naanza na goti lako kabla ya habari zangu, maana najua ukishazisoma zangu utasahau kunijibu la goti. Linaendeleaje? Na presha? Na nyumba nzima ya Barabara ya Nane, wote wazima? Mimi ni mzima wa afya, na nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Umenikataza kukutumia sauti kwa kuwa simu yako inapaza na mambo ya maharusi yanafika mpaka kwa muuza mkaa, basi nakuandikia.

Wewe ndiye somo yangu, wewe ndiye uliyeniingiza ndani, kwa hiyo sikufichi: umenipa mume. Najua ndoa yetu kwa hati si changa. Yasir alinioa akarudi kazini huku, mipaka ikafungwa nyuma yake, nikabaki Tanga bibi harusi asiye na bwana. Lakini tangu Aprili waliponiruhusu kuingia, kila asubuhi naona kama nimeolewa jana. Julai huku ni baridi ya kung'ata masikio, naye huamka kuniwashia hita kabla sijatoa mguu kwenye blanketi. Akirudi kazini hupiga honi kidogo pale kona, nijue ni yeye, na mimi huyu huacha sufuria jikoni nikakimbilia dirishani kama mtoto.

Tuko lokdauni. Mji umefungwa, polisi barabarani, hatuendi kwa mtu wala mtu haji kwetu. Yasir anatoka kwa sababu ghala lao la Smithfield limeruhusiwa. Watu wamejifungia ndani, kila kitu wananunua kwa simu. Yeye ni fundi wa roboti. Usifikirie mtu wa chuma mwenye kichwa. Ni kama meza fupi yenye magurudumu, inaingia chini ya rafu, inainyanyua na mizigo yake yote, inaipeleka kwa wafungaji. Jicho lake liko mbele, usawa wa goti, likiona miguu, roboti inasimama.

Sasa sikiliza la kuchekesha. Wafanyakazi wa upande wake ni Wakongo na sisi watu wa pwani, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Roboti ikitaka kuondoka ilikuwa inalia kengele, lakini humo ghalani kila kitu kinalia kengele, hata mashine ya chai, kwa hiyo hakuna aliyejali. Na kwa barakoa hizi, mwenzako akikuita husikii. Yasir akapata wazo roboti ziseme. Akaniketisha jikoni, akashika simu, akaniambia, "Piga hodi kama unaingia kwa watu." Alitaka hodi moja tu, roboti isichelewe. Nikamwambia hodi moja ni ya askari, mtu mwenye adabu hupiga tatu. Akanibusu kipaji, akakubali. Nikasema: "Hodi... hodi... hodi jamani, napita."

Shangazi, mimi sasa nimo ndani ya roboti zote za upande ule! Roboti inapiga hodi tatu kwa sauti yangu, ndipo inaondoka. Kuna mama mmoja wa Bukavu, Mama Nsimire, amenitumia salamu kupitia Yasir: "Mwambie bibi yako, sauti yake iko inanipoza roho." Na Mzee Jumbe, wa kwetu Pangani, huijibu kila mara: "Karibu binti, subiri nijifunike." Ghala zima hucheka.

Ningeishia hapa barua ingekuwa tamu. Lakini jana Yasir alirudi bila kupiga honi. Alikaa sebuleni na viatu vyake. Akasema roboti moja iligoma, akaizima kwa mkono wake, akapiga magoti kuikagua, na ikiwa imezimwa vile vile ikampigia hodi. Hodi tatu, ikanyamaza, hodi tatu tena. Alicheka aliponieleza, ila nilipomshika mkono ulikuwa barafu. Je, kuna jini aliyeichukua sauti yangu? Nimesoma Ayatul Kursi jikoni, pale pale niliporekodia.

Mwanao,
Ghaliya

*

Ngamiani, Tanga
12 Julai 2021

Mwanangu Ghaliya,

Marahaba. Goti linakusalimu, linasema limechoka kutajwa mpaka ng'ambo. Presha ipo, inakaa na mimi kama mpangaji asiyehama. Huku watu wanakohoa, tunanawa mikono, tunamwomba Mungu. Wewe unakula? Maana nimesoma Yasir, Yasir, Yasir, sikuona neno wali popote.

Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Nimemsomea mama yako pale mahali pa kubusu kipaji, akajifunika uso kwa kanga. Sauti yako kuzunguka ghalani mwa watu sikuipenda sana, lakini kama ni adabu na ni kazi ya mumeo, nimenyamaza.

Jini usinitajie. Jini wa Tanga hapandi ndege, na wa huko hajui Kiswahili. Mtu huogopa asichokijua. Mpikie chai ya tangawizi, mkalishe, mwambie akueleze taratibu kama anayemweleza mtu mzima, si kama fundi anayemtisha mteja. Ukishaelewa niandikie na mimi nielewe, kwa sababu tangu niisome barua yako nikisikia mtu anapiga hodi nje nachungulia kwanza.

Ni mimi shangazi yako na somo yako,
Jokha

*

Penrith
20 Julai 2021

Kwako Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na Idi njema. Natumaini nyama imefika kwa kila jirani na goti limekuruhusu kukaa kwenye mkeka. Sisi tumesali sebuleni, imamu ni Yasir na maamuma ni mimi. Alivaa kanzu aliyoolea. Nilipomtazama amesimama mbele yangu pale karibu na televisheni, nilisahau nimefika rakaa ya ngapi. Nimepika pilau, na wali umo, usinune.

Nilimkalisha kama ulivyoniagiza. Shangazi, heri lingekuwa jini.

Akasema hivi: "Programu kubwa inayoiongoza roboti ni kama mwenye nyumba. Mwenye nyumba huyu hajui kusema. Akitaka kusema humwita kibarua wa nje, ndicho kile kiprogramu changu chenye sauti yako. Humwambia, piga hodi tatu, ukimaliza niambie 'tayari'. Akisikia 'tayari', anaondoa roboti."

Nikamwambia mpaka hapo nimeelewa.

"Sasa siku hizi oda ni nyingi mno, mwenye nyumba anaelemewa, anaanguka. Tunamwamsha upya. Lakini kibarua aliyeitwa kabla ya kuanguka hana habari kwamba bosi wake ameanguka. Yupo vile vile, anapiga hodi, anasema 'tayari', anapiga hodi. Hakuna wa kumwambia basi. Sisi mafundi tunamwita yatima. Siku ile nilimzima mwenye nyumba, yatima akabaki anaita."

Nikacheka, nikasema basi, ni yatima tu, hana madhara. Yasir hakucheka. Akaniambia mwenye nyumba akishaamka huita kibarua mwingine, naye yule wa zamani bado yumo. Wa zamani akisema "tayari", mwenye nyumba hajui ni "tayari" ya nani. Anaondoka.

"Hata kama yule mpya ndiyo kwanza yuko hodi ya kwanza?" nikamuuliza.

Akazungusha kikombe chake kwenye sahani. "Hata kama."

Shangazi, unajua watu wetu. Hodi ya kwanza mtu hainuki. Ya kwanza unavuta kanga, ya pili unaitikia, ya tatu unafungua mlango. Na ghala lote limezoea hivyo! Roboti ikipiga ya kwanza wanaendelea kufunga boksi, ya pili wanakata gundi, ya tatu ndipo wanashuka kwenye vile vingazi vyao wakapisha. Mtu akiwa juu ya kingazi miguu yake iko juu ya lile jicho, roboti haimwoni. Ijumaa Mzee Jumbe alikuwa juu, mkono ndani ya rafu. Hodi ya kwanza, roboti ikaondoka. Ikamkwaruza kiwiko tu. Akasema kwa mzaha, "Binti leo ana haraka, hakusubiri nijifunike." Wenzake wakacheka. Yasir alikwenda moja kwa moja kwa bosi.

Mimi ndiye niliyetaka hodi tatu. Yeye alitaka moja.

Amemwomba bosi wasimamishe kazi nusu shifti aweze kurekebisha. Bosi amesema oda zimejaa mpaka mlangoni, wasubiri, itakuwa sawa tu. Kwa sasa Yasir anawahi kabla ya wenzake, anapita roboti moja moja na kompyuta yake, anawatafuta yatima na kuwafuta kwa mkono. Ndiye anayetembea katikati yao, Shangazi. Ndiye aliye karibu nao kuliko wote.

Leo Idi amelala mchana kidogo, nami nimekaa namtazama tu.

Mwanao,
Ghaliya

*

Ngamiani
23 Julai 2021

Mwanangu,

Nimeitikia salamu zako zote. Afya yangu iache kwanza.

Nimeelewa, na nimeisoma mara mbili nione kama nimeelewa vibaya. Marehemu mume wangu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, miaka mingi kabla dunia haijaliita gonjwa hili kwa jina hilo. Kila akirudi nilikuwa namshika mikono nikijifanya nampenda sana, kumbe natazama kama vidole vimo vyote. Nakwambia usijione mwoga. Hiyo ndiyo kazi ya mke wa mtu wa mashine, ila hakuna anayeitaja siku ya harusi.

Mwambie mkwe wangu aitoe hiyo sauti. Leo. Asikungoje ulie. Kama huyo bosi anataka oda zake, apige hodi mwenyewe.

Na wewe acha kujitwisha hodi tatu. Adabu haijawahi kuua mtu. Anayeua ni asiyetaka kusimamisha mashine.

Shangazi yako,
Jokha

*

Penrith
8 Agosti 2021

Shangazi,

Shikamoo. Salimia wote. Nisamehe, sina mkono wa kuandika mengi.

Sauti haitoki. Nilimwambia Yasir maneno yako, akasema programu kubwa imefundishwa kusubiri "tayari". Kibarua akitolewa hakuna atakayesema "tayari", roboti zote zitasimama, na kuifundisha upya kunataka ile ile nusu shifti anayonyimwa. Amemwomba bosi tena. Ameambiwa wiki mbili.

Hali imebana. Upande ule wa mji una wagonjwa wengi, helikopta zinazunguka, sasa wameleta na wanajeshi wanaopita nyumba kwa nyumba. Wafanyakazi kila siku chache wanachokolewa pua kwa vipimo. Nusu ya wenzao wamefungiwa majumbani kwa kuwa wamekaa karibu na mgonjwa, kwa hiyo waliobaki wanafanya kazi ya watu wawili, na mwenye nyumba anaanguka mara kwa mara mchana kutwa. Kila akiamshwa, yatima wapya. Yasir anawafuta huku, wanazaliwa kule. Anasema saa nyingine roboti moja ina mimi watatu, mmoja hodi ya kwanza, mwingine "napita", mwingine ndio anaanza. Mama Nsimire amesema imekuwa kama matanga.

Mimi nimeacha kuimba jikoni. Nikijisikia nimesema neno kwa nguvu nashtuka. Simu ikilia natazama kwanza ni nani, na nikiona si yeye naogopa, na nikiona ni yeye naogopa zaidi, maana kwa nini apige yuko kazini?

Jana nilimwambia asiende. Nilimshika shati kama mtoto, sikuona haya. Akaniambia, "Ghaliya wangu, nisipokwenda mimi, nani atawafuta? Mzee Jumbe atapanda kingazi kile kile." Nikamwambia sijaolewa na Mzee Jumbe. Akanitazama kwa huzuni mpaka nikajuta. Akanikumbatia, akafunga kamba za viatu.

Niombee. Leo pia amekwenda.

Ghaliya

*

Ngamiani
15 Agosti 2021

Mwanangu Ghaliya,

Hujambo? Nimengoja, nikasema labda bando. Mama yako anauliza, nimemwambia unafua mapazia. Tafadhali usinifanye niwe mwongo siku nyingi.

Shangazi yako

*

Ngamiani
19 Agosti 2021

Ghaliya,

Andika neno moja. "Nipo" inatosha. Au nitumie hiyo sauti, isikike mpaka kwa muuza mkaa, sijali.

Shangazi

*

Penrith
21 Agosti 2021

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nipo. Na Yasir yupo. Naanza na hilo kwa sababu na mimi nilianziwa hivyo. Nisamehe kwa ukimya, sikuweza.

Jumatano ya wiki iliyopita simu ililia, namba nisiyoijua. Nikasikia mama anahema. "Ghaliya? Ni Nsimire wa kazini. Kaa chini kwanza. Umekaa?" Nikasema nimekaa, na nilikuwa nimesimama. "Yasir iko muzima. Nimesema muzima mbele ya yote, ili usinifie kwa simu. Sasa nitakuelezea."

Programu ilikuwa imeanguka na kuamshwa. Yasir alikuwa anakwenda kuwafuta yatima, amebakiza roboti mbili. Mzee Jumbe alikuwa juu ya kingazi, kifua chote kiko ndani ya rafu, anavuta boksi la nyuma. Roboti ikapiga hodi ya kwanza. Mzee akaitikia kama kawaida yake, "Karibu binti, subiri..." Hakumaliza. Mama Nsimire anasema rafu ilianza kwenda na mzee ananing'inia kama nguo. Yasir akaacha kompyuta ikaanguka, akakimbia, akamshika mzee mkanda wa suruali akamtupa nyuma. Yeye hakuwahi kutoka. Rafu ikamsukuma mguu kwenye nguzo ya chuma. Mama Nsimire anasema aliusikia.

Wakabonyeza kile kitufe chekundu, kila kitu kikasimama. Kila kitu, Shangazi, isipokuwa mimi. Magurudumu yamezimwa, watu wanapiga kelele, mume wangu amelala chini mguu umebanwa, na mimi napiga hodi. Hodi, hodi jamani, napita. Yuko pale chini ananisikia. Mama Nsimire akavua kilemba chake akakisokomeza kwenye spika, akakikandamiza kwa mikono miwili mpaka wakaja wa gari la wagonjwa. "Ilikuwa inatetemeka mu mikono yangu," akaniambia, "kama kifaranga."

Mguu umevunjika chini ya goti mahali pawili. Wameupasua, wameweka vyuma. Madaktari wanasema atatembea. Siruhusiwi kuingia hospitali, hakuna anayeruhusiwa, kwa sababu ya ugonjwa. Muuguzi mmoja amemshikia simu. Yasir akasema, "Mke wangu, sema nami." Na mimi Shangazi sikuweza. Nilifungua mdomo, nikaona yuko chini ya ile rafu ananisikiliza. Nikamwandikia ujumbe kwamba nampenda. Akasema, "Mbona unaniandikia na tuko kwenye simu?" Nikakata.

Ghala limefungwa, wakaguzi wa serikali wamo ndani. Ile nusu shifti aliyoiomba tangu Idi imepatikana sasa, na zaidi.

Naogopa sauti yangu mwenyewe. Hilo ndilo lililonifanya ninyamaze, hata na wewe, hata kwa maandishi.

Mwanao,
Ghaliya

*

Ngamiani
21 Agosti 2021

Mwanangu, mwanangu,

Alhamdulillahi. Nimesujudu na goti langu hili hili, na kuinuka ikabidi niinuliwe.

Mguu huunga. Mume wako ametoka chini ya chuma akiwa na pumzi na ametoka na mzee wa watu. Mke wa Jumbe, kama yupo Pangani, leo hakukaa eda. Mwambie mkwe wangu nimesema hivyo, kwa maneno haya haya.

Sasa sikiliza. Usimwache mgonjwa peke yake na muuguzi anayeongea Kiingereza. Mpigie. Kama sauti haitoki, mpumulie tu masikioni, atajua ni wewe. Lakini mpigie leo kabla hujaijibu barua hii.

Na mama yako nimemweleza. Amelia, amekula, amelala. Wewe pia fanya hivyo, kwa mpango huo huo.

Somo yako,
Jokha

*

Penrith
25 Septemba 2021

Kwako Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo! Goti baada ya ile sijida limeponaje? Mama nimeongea naye, anasema unalichua kwa mafuta ya nazi na kulitukana.

Yasir yuko nyumbani. Yuko kwenye kochi, plasta mpaka pajani, mto chini ya mguu, na mimi namlisha ndizi za nazi wakati mikono yake haina neno lolote. Ananiacha nimlishe. Shangazi, mwanaume mgonjwa akipendwa anapendeza! Nilimpigia siku ile uliyoniamuru. Nilimpumulia, akasema, "Huyo ni Ghaliya," na polepole maneno yakarudi.

Ghala limefunguliwa. Kampuni imeleta fundi mwingine, na Yasir akamwelekeza kwa simu akiwa amelala hapa hapa. Sasa kila kibarua anaitwa kwa jina lake, na "tayari" isiyo na jina la aliyeitwa haisikilizwi. Mwenye nyumba akianguka anaanguka na vibarua wake wote, na kabla ya kuamka roboti inakagua kwanza kama kuna aliyebaki. Yasir amemwuliza fundi yule maswali mpaka mwenzake akachoka. Wamejaribu kwa siku nyingi, hakuna yatima hata mmoja.

Lakini sauti wameitoa, wamerudisha kengele. Juzi Mama Nsimire alikuja, akasimama nje ya ua na barakoa yake, mimi nikasimama mlangoni. Akasema, "Dada, ile kengele hatuisikie. Jana Anésie, yule binti wa Goma, kidogo ipite naye. Leta sauti." Nikamwambia Mama, sauti ile ilitaka kuua watu. Akasema, "Sauti haikuua. Tulikuwa tunaingojea imalize, kwa sababu ilikuwa na heshima." Bosi naye ameandika rasmi kuomba. Safari hii bosi ndiye anayeomba.

Najua kinachotakiwa. Neno moja, la ukali, linalomrusha mtu kabla hajafikiri. Yasir anasema uamuzi ni wangu. Mzee Jumbe anapiga simu kila siku kumjulia hali, analia, umri wake ni wa baba yangu. Nitamfokeaje? Na wewe uliniambia siku ya kuniingiza ndani: sauti ya mke isivuke kizingiti, na mkubwa haambiwi "toka". Nimejaribu mara nyingi. Kila nikifungua mdomo inatoka hodi. Na siku ikitoka nyingine, naogopa itanibadilisha na mimi.

Nipe ruhusa, au ninyime. Nitafanya utakavyosema.

Mwanao,
Ghaliya

*

Ngamiani
27 Septemba 2021

Ghaliya mwanangu,

Goti halijambo. Matusi yanalisaidia.

Ni kweli nilikufundisha. Nilikufundisha adabu ya mlango, kwa sababu nilikuwa nakupeleka kwenye nyumba. Ghalani hakuna mlango. Aliye juu ya kingazi hataki mgeni mwenye adabu, anataka mtu wa kumvuta mkanda wa suruali, na aliyekuwa akiwavuta sasa yuko kwenye kochi anakula ndizi za nazi.

Mimi niliyekufunga mdomo nimeufungua. Fokea. Mfokee Jumbe, mfokee huyo binti wa Goma, na bosi akipita mfokee mara mbili. Jumbe akiona ametukanwa, mwambie aje Barabara ya Nane aulize kwa Bi Jokha, nitampa kahawa na nitamfokea mwenyewe.

Na hutabadilika. Nimepiga kelele sokoni maisha yangu yote, na bado wanakuja kuniomba niwafunde mabinti zao upole.

Shangazi na somo yako,
Jokha

*

Penrith
2 Oktoba 2021

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, nisije nikasahau ilivyokuwa.

Barua yako nilimsomea Yasir, akacheka mpaka akashika mguu. Nikaingia jikoni na simu. Mara ya kwanza nikasema "toka", akaniitia kutoka sebuleni, "Unamfukuza kuku?" Mara ya pili akasema, "Hapo unaomba sukari." Akasema mengi ya namna hiyo, mpaka nikakasirika, nikafunga mlango wa jikoni nisimsikie. Akadhani nimesusa. Nikasikia kijiko cha chai, nikajua anakunywa.

Nilisimama mbele ya dirisha. Nikamwona Mzee Jumbe amenipa mgongo, mkono uko ndani ya rafu, hana habari. Nikamwona na Yasir wangu nyuma yake. Shangazi, sikujua ninayo ile sauti. Ilitoka tumboni.

"TOKA!"

Nikasikia kishindo, kikombe kikavunjika. Nikafungua mlango nikikimbia. Yasir hakuwa kwenye kochi. Kochi liko upande mmoja wa chumba, yeye yuko upande wa pili, amesimama kwa mguu mmoja, ameng'ang'ania pazia, plasta imelowa chai, macho yamemtoka.

"Kuna nini? Ghaliya! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mume wangu. Narekodi."

Akatazama kochi. Akatazama pale aliposimama. Hajui alifikaje, na mimi sijui, daktari amemkataza hata kwenda chooni bila magongo. Nilimpapasa kuanzia nyonga mpaka vidole vya mguu, naye anapumua juu ya kichwa changu. Haumii popote. Jirani Mzungu ameita juu ya ua akiuliza kama tuko salama, nikamwambia tuko salama, asante, ni kazi tu.

"Hilo ndilo," Yasir akasema. "Hilo usilirudie. Litume hilo hilo."

Nimelituma. Mbwa wa jirani bado anabweka, sakafu imejaa vigae vya kikombe, na mume wangu bado amesimama pale pale kwenye pazia, hataki kukaa.

Mwanao,
Ghaliya